Saa Isiyodunga: Nani Aliyeipima kwa Ngozi Yetu?

Maduka ya Usita wa Mui, hapa Amu, yaani Lamu, siku hizi yanauza saa za mkononi ambazo, kwa mujibu wa kijikaratasi kilichomo ndani ya kasha, hupima mapigo ya moyo, oksijeni, presha na sukari ya damu kwa kumulika taa kwenye ngozi, bila sindano na bila tone la damu. Wanunuzi wake wakubwa si vijana wapenda mitindo. Ni watu wazima wenye kisukari, au wana wao walioko Mombasa na ughaibuni ambao huwatumia wazazi zawadi ya kuwaondolea adha ya kudungwa kidole kila alfajiri. Nia ni njema, na kifaa chenyewe kina kazi zake za kweli. Lakini kati ya vitu vinne vilivyotajwa kwenye kasha, cha kwanza husomwa vizuri, cha pili husomwa kwa masharti, cha tatu hukisiwa, na cha nne, yaani sukari, hakisomwi kabisa. Tofauti hiyo haitokani na uhodari wala uzembe wa kiwanda. Inatokana na jinsi damu na ngozi zilivyo, na mnunuzi asipoijua ataiweka roho yake juu ya tarakimu isiyo na mwenyewe.

Taa inayopenya ngozi huweza kutuarifu mambo mawili kuhusu damu: rangi yake na mwendo wake. Moyo ukipiga, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hujaa damu na kunyonya mwanga zaidi. Ukipumzika, damu hupungua na mwanga mwingi zaidi hurudi. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko, na kwa mtu aliyetulia, hesabu yake ya mapigo hukaribia sana ile ya muuguzi aliyemshika mgonjwa kifundo cha mkono. Mtaalamu wa Marekani, Alrick Hertzman, aliandika juu ya mbinu hii tangu miaka ya 1930, kwa hiyo si jambo jipya. Kilicho kipya ni udogo wa taa na unafuu wa bei.

Upimaji wa oksijeni ulikuja baadaye, tena kwa njia ya mzunguko. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Japani, alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kutumia rangi iliyotiwa mwilini, na mipwito ya mapigo ikawa inamvurugia vipimo. Badala ya kuiona mipwito hiyo kuwa taka, akaigeuza kuwa kipimo. Himoglobini (kile kitu chekundu cha damu kichukuacho oksijeni) iliyobeba oksijeni hunyonya kwa uchache mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, na hunyonya zaidi ule wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Iliyovuliwa oksijeni hufanya kinyume. Aoyagi aliona kwamba akilinganisha mpwito wa taa moja na mpwito wa nyingine, basi ngozi, mfupa, nyama na damu tulivu ya vena, ambavyo havibadiliki baina ya pigo na pigo, hujiondoa vyenyewe katika hesabu. Ni kama nahodha anayesoma maji kwenye nguzo ya gati: anachotazama ni kupanda na kushuka kwa maji, na rangi ya nguzo haimhusu. Kazi hiyo aliiwasilisha mwaka 1974, na katika miongo iliyofuata kibanio cha kidoleni kinachotumia hesabu hiyo kikawa kifaa cha lazima katika vyumba vya upasuaji. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inataka kiwe kidoleni na kinafanya kazi kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi.

Hata hivyo, kibanio kinachofanya kazi barabara hujibu swali moja tu: katika himoglobini iliyopo, ni asilimia ngapi imebeba oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mama mjamzito aliyepungukiwa na damu hadi kubakiwa na gramu 60 za himoglobini kwa lita, ambayo ni kama nusu ya anachostahili kuwa nacho, huweza kuonyesha asilimia 98 huku viungo vyake vikilia njaa. Aliyelala karibu na jiko la makaa katika chumba kisicho na dirisha naye ataonyesha tarakimu nzuri, kwa sababu himoglobini iliyotekwa na monoksidi ya kaboni huonekana mbele ya taa hizo mbili kana kwamba imebeba oksijeni. Ninayataja haya mapema ili isije ikadhaniwa kwamba kifaa kilichothibitishwa hakina mipaka. Mipaka yake inajulikana na imeandikwa, na huo ndio uthibitisho wenyewe.

Kipo kitu kingine cha damu kinachosomeka kwenye ngozi, nacho ni bilirubini, ile inayowapa baadhi ya watoto wachanga macho na ngozi ya manjano. Wajapani walianza kuipima kwa taa ya kugusishwa ngozini mwaka 1980, na leo mbinu hiyo huwaepusha watoto wengi na kudungwa kisigino, ijapokuwa tarakimu ikiwa kubwa damu bado huchukuliwa. Bilirubini inasomeka kwa sababu ina rangi.

Sukari haina rangi, na tena ni chache mno. Mtu mzima mwenye lita tano za damu ana himoglobini ya gramu 700 hivi. Sukari yote iliyomo katika damu hiyohiyo, akiwa na afya na hajala kitu, ni kama gramu tano: kijiko kimoja cha chai, pungufu ya kile ambacho wengi wetu tunakitia katika kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Kisukari kikiwa kikali, huwa vijiko vitatu. Katika mwanga wa infraredi glukosi, yaani sukari ya damu, ina alama zake za unyonyaji, lakini alama hizo zimefunikwa na za maji, protini na mafuta, na maji ndiyo sehemu kubwa ya mwili. Ngozi ikipata joto kidogo, mtu akitokwa na jasho, au mkanda wa saa ukikazwa tundu moja zaidi, mwanga unaorudi huweza kubadilika kuliko unavyobadilishwa na sukari iliyopanda kutoka milimoli 6 hadi 9 kwa lita. Anayetaka kuipima sukari kwa taa hana budi kwanza kuyaondoa yote hayo, kisha abaki na kile kidogo kilichosalia, akiamini kuwa hicho ndicho sukari.

Si kwamba watu hawajajaribu. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha saa iitwayo GlucoWatch, ambayo badala ya taa ilitumia mkondo mdogo wa umeme kuvuta majimaji yenye sukari kupitia ngozi. Ilifanya kazi kwa kiasi. Mvaaji alisubiri saa kadhaa kabla ya kupata tarakimu ya kwanza, alidungwa kidole vilevile ili saa isawazishwe, ngozi za wengi ziliwasha na kuiva, na jasho likizidi saa iliruka vipimo. Baada ya miaka michache ikatoweka sokoni. Hebu mtu aifikirie saa ya namna hiyo mkononi mwa mpagazi wa gati la Mokowe mwezi wa Machi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT wakishirikiana na wa Samsung walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa alama ya glukosi yenyewe inaweza kuonekana ngozini kwa mbinu ya Raman, ambayo huitambua molekuli kwa jinsi inavyoubadilisha mwanga wa leza. Ni hatua ya kuheshimiwa, lakini ilifanyika kwa nguruwe, na kwa mtambo wa maabara usiovalika. Na tarehe 21 Februari 2024 Mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilitoa onyo la wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba makosa ya tarakimu hizo yanaweza kumfanya mgonjwa akosee kipimo cha insulini au cha dawa nyingine, akashushwa sukari hadi kuzimia au kufa.

Basi tarakimu inayotokea kwenye kioo hutoka wapi? Maadamu taa haiioni sukari, programu haina budi kuikisia kutokana na vingine ilivyo navyo: umri na uzito ulioandikwa wakati wa kuiwasha, saa ya siku, mapigo ya moyo. Pale Mkunguni, alasiri moja, nilimwona kijana fundi wa simu akiifunga saa ya mjomba wake kwenye ndizi. Taa ya kijani ikamulika ganda kwa nusu dakika hivi, na ndizi ikapewa mapigo 72 na sukari ya 5.7. Akaivua, akamfunga mjomba wake, ambaye muda si mrefu alikuwa amekunywa chai na kula visheti: 5.6. Jirani mwenye duka akatoa glukomita yake, kile kipimo cha sukari kwa tone la damu, akamdunga mzee kidole, na stripu ikasema 14.2. Mzee aliitazama saa, akaitazama ndizi, akamwambia mpwawe, “Kumbe mimi na ndizi hali zetu ni moja, mwanangu.” Watu walicheka, naye alicheka, lakini ni yeye aliyekuwa amepunguza dawa zake wiki iliyotangulia kwa ushauri wa saa hiyo.

Kosa la aina hii lina hatari ya pekee kwa kuwa halina kelele. Glukomita ikiharibika, au stripu ikiingia unyevu, aghalabu huandika kwamba kuna hitilafu, au hutoa tarakimu ya ajabu inayomshtua mtu akapime tena. Saa inayokisia huleta habari njema kila siku, kwa nambari yenye nukta na desimali, na binadamu ni mwepesi wa kuamini habari njema. Glukomita ya kawaida, pamoja na udogo wake, inawajibika mbele ya kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013: asilimia 95 ya vipimo vyake vinatakiwa visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, au kwa zaidi ya milimoli 0.83 kwa lita ikiwa sukari iko chini ya 5.5. Saa ya dukani haiwajibiki kwa yeyote, na ndiyo maana kijikaratasi chake, mahali fulani chini kabisa kwa herufi ndogo, husema kwamba si kifaa cha tiba.

Kuna kifaa cha tatu ambacho wauzaji hupenda kukichanganya na hizi saa, nacho ni kibandiko cha nyuma ya mkono kinachofuatilia sukari mchana na usiku. Hicho ni cha kweli, lakini kisiitwe kisichodunga. Chini yake kuna uzi laini wa milimita tano hivi unaokaa ndani ya ngozi, uliopakwa kimeng'enya kinachoivunja glukosi na kuzalisha umeme mdogo. Ni mzao wa elektrodi waliyoieleza Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Kibandiko cha FreeStyle Libre kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, na baada yake vimefuata vingine, ambavyo vingi hukaa mwilini siku 10 hadi 15. Hakipimi damu, hupima majimaji yaliyo kati ya seli, ambako sukari huchelewa kufika kwa dakika tano hadi kumi. Mtu aliyetulia haoni tofauti. Ila sukari inapoporomoka kwa kasi, kibandiko humwambia hali aliyokuwa nayo, si aliyo nayo, na ndiyo maana mwenye dalili za kushuka anashauriwa adunge kidole hata kama kibandiko kinamtuliza.

Kwa mazingira ya Amu kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni joto na maji. Vibandiko vingi vinatakiwa vihifadhiwe pasipozidi nyuzijoto 25 au 30, jambo ambalo duka lisilo na kiyoyozi haliwezi kuliahidi, na gundi yake haikukusudiwa mvuvi anayeingia na kutoka baharini kutwa nzima. La pili ni bei: mtu anayeshindwa kununua stripu 50 kwa mwezi hawezi kubadilisha kibandiko kila wiki mbili, na ni vigumu kuona bima ya umma, yenye mzigo wa dayalisisi na saratani, ikikibeba kwa kila mgonjwa hivi karibuni. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hata hivyo, ningeipigania gharama hiyo bila kusita.

Ni Ramadhani inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini tarakimu ya uongo si mzaha. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 13, ukachapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba matukio ya sukari kushuka vibaya katika mwezi wa mfungo yaliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inamtaka mfungaji afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, hata kama magharibi imebakiza nusu saa. Sasa mtu aliyekula daku kidogo, akameza dawa yake kama kawaida, kisha akashinda gatini juani, anahitaji kujua saa tisa alasiri kama yuko 4.5 au 3.2. Akiwa na saa inayokisia, ataambiwa 5.7, kama ilivyoambiwa ndizi. Wapo wanaoikimbilia saa kwa sababu moja tu, kwamba wanachelea tone la damu litawabatilishia saumu. Wanavyuoni wengi wamekwisha kueleza kuwa kudunga kidole kwa ajili ya kipimo hakubatilishi, na miongozo niliyoitaja inalisema hilo waziwazi. Khutba moja ya Ijumaa katika wiki ya mwisho ya Shaabani ingewafaa wagonjwa kuliko kasha zima la saa.

Nirudi kwenye oksijeni, ambako jambo ni gumu zaidi kwa kuwa kifaa ni cha kweli. Nilisema kwamba katika hesabu ya Aoyagi rangi ya nguzo haimhusu nahodha. Kwa nadharia ndivyo ilivyo. Kwa vitendo, watengenezaji hawaipati asilimia kwa nadharia. Huwachukua watu wa kujitolea, huwavutisha hewa yenye oksijeni pungufu, huwatoa damu ya ateri (mishipa itokayo moyoni), kisha huandika jedwali la kulinganisha mwanga na damu. Jedwali huwafaa zaidi wanaofanana na walioliandikiwa. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, hunyonya mwanga mwekundu kuliko infraredi, taa zenyewe hazitoi rangi moja safi, na mpwito ukidhoofika kosa hukua. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliridhika na watu 10, ambao wawili kati yao, au asilimia 15 ya wote ikiwa idadi hiyo ni kubwa zaidi, wawe na ngozi nyeusi. Mwezi Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyowatikisa madaktari: miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kiliwapa asilimia 92 hadi 96, damu ya ateri ilionyesha kuwa wako chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya Wamarekani weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa weupe. Yaani zaidi ya mara tatu. Mwezi Januari 2025 Mamlaka ya Marekani ikatoa rasimu inayotaka majaribio ya watu wasiopungua 150 wa rangi zote za ngozi.

Katika wodi moja ya Amu rangi hizo zote zinaweza kulala vitanda jirani: Mwamu mweupe wa Mkomani, Mbajuni wa Kizingitini, Muaweri wa bara, Mgiriama wa Mpeketoni. Muuguzi mmoja, kibanio kimoja, na makosa yasiyolingana. Kwa sababu hiyo mimi huona kwamba mpaka wa asilimia 90, unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani kuamua mtoto mwenye nimonia apewe oksijeni, usishikwe kwa ukali wa karani wa forodha. Mtoto mweusi tititi mwenye 92, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, apewe oksijeni kwa ushahidi wa mbavu zake.

Kuna na jambo letu wenyewe, ambalo kiwanda cha mbali hakikulifikiria: hina na piko. Uchunguzi uliofanyika Saudia katika miaka ya 1990 ulikuta kwamba hina nyekundu haikukidhuru kipimo, lakini nyeusi iliweza kukizuia kisisome kabisa. Wauguzi wa pwani wanalijua hili bila kusoma jarida. Nimemwona mmoja, katika wodi ya kina mama, akihangaika na bibi harusi wa juzi aliyeletwa na pumu: vidole kumi vyote vimechovywa piko hadi kwenye fundo la kwanza, kibanio kinaandika vistari tu. Hakupiga kelele wala hakusugua. Alikiondoa, akatafuta kile kidogo cha watoto, akakibana kwenye ndewe ya sikio baada ya kumvua kipuli, akangoja, na asilimia 91 ikatokea. “Usiogope, mwanangu, sikio lako halikuolewa,” alimwambia. Ustadi wa namna hiyo hauko katika kijitabu cha matumizi, na unastahili kuandikwa ukutani katika kila zahanati ya Amu, hasa miezi ya arusi.

Kuhusu presha sina mengi. Saa zisizo na mkanda wa kujaza upepo huikisia kutokana na umbo la mpwito na muda unaochukua kusafiri, na hata zile za kampuni kubwa hutaka zisawazishwe kwa mkanda wa kawaida kila baada ya wiki chache. Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ilisema mwaka 2022 kwamba zisitumiwe kutambua ugonjwa wala kuamua dawa. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Mkanda wa mkono wa juu unawatosha.

Najua jibu litakalotolewa. Kutoka Kiwayu au Ndau hadi hospitali ya King Fahd ni safari ya boti inayotegemea mafuta, upepo na maji. Stripu huisha, zikija huja karibu kuharibika, na kifaa kisichohitaji stripu kinaonekana kuwa mkombozi wa visiwani. Hoja hiyo ina uzito, na sehemu yake naikubali kabisa: kibanio cha kidoleni kinachotumia betri mbili, kikiwa mikononi mwa anayeijua mipaka yake, kinaweza kumjulisha mhudumu wa Kiwayu kwamba mtoto huyu hangoji asubuhi. Kipimo cha bilirubini cha taa vilevile kingefaa katika wodi ya kujifungulia. Lakini umbali unaifanya tarakimu ya uongo kuwa ya hatari zaidi, maana aliye mbali na maabara hana pa kuihakikisha. Mwaka 2023 serikali ilitangaza wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba yenye glukomita na mashine za presha. Mkoba huo ndio unaohitaji stripu zisizokatika, zinazosafirishwa ndani ya kichupa kilichofungwa vyema ili unyevu wa bahari usizile. Ni bajeti isiyo na mvuto, haina picha ya kupigwa siku ya uzinduzi, na pengine ndiyo sababu husahaulika.

Wafadhili watakuja na vifaa vya ngozini, na vingine vitakuwa vizuri. Kaunti ina haki ya kudai jambo kabla ya kutia saini. Kwa sukari, haichukui zaidi ya asubuhi chache za kliniki ya kisukari: wagonjwa wanaokuja kutolewa damu ya maabara wavalishwe kifaa wakati huohuo, na tarakimu mbili ziandikwe ubavu kwa ubavu, pamoja na rangi ya ngozi, joto la chumba, na kama mkono una hina, piko au sugu za kuvuta kamba. Kwa oksijeni kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa yahitaji mashine ya gesi za damu ya ateri, na hiyo hupatikana katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali kubwa. Hapo mtengenezaji aulizwe aonyeshe matokeo ya majaribio yake kwa watu wa ngozi nyeusi, kwa idadi yao na kwa ukubwa wa kosa, si kwa kusema tu kwamba walikuwamo. Karatasi hiyo iambatishwe kwenye zabuni pamoja na bei, na asiyekuwa nayo arudi nayo siku nyingine.